Maswali ya wanawake njiani kwenda Makka

Kati ya vilima vya Safa na Marwa pana mwendo wa kama mita 450. Anayefanya umra huenda na kurudi mpaka zitimie safari saba, aanzie Safa na amalizie Marwa, na ukijumlisha amekwenda zaidi ya kilomita tatu. Wafalme wamepita hapo, na maulamaa, na majemadari, na matajiri wasiojua idadi ya mali zao. Wote wamefuata nyayo za mwanamke mmoja aliyekuwa akimtafutia mwanawe maji.

Naanza na mwanamke huyo, Bi Hajar, kwa sababu kwenye semina ya maandalizi ya umra niliyohudhuria hapa Tanga jina lake lilitajwa mara moja tu, somo likaendelea. Wanaume walifundishwa kufunga shuka zao mbili za ihramu. Walisimamishwa mbele mmoja mmoja wakajaribu, wakaelezwa bega lipi huachwa wazi kwenye tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, na wakati gani hufunikwa tena. Somo hilo lilichukua nusu ya asubuhi, na lilistahili muda huo. Sisi tuliokuwa nyuma ya pazia tuliambiwa mwanamke avae vazi lolote la stara, uso na viganja viwe wazi, kisha tukahamia kwenye uzito wa mabegi. Mwenye swali aliambiwa aandike kwenye kikaratasi. Nilikaa jirani na aliyekuwa akivikusanya, nikawaona akinamama wakiandika, wakisoma walichoandika, halafu wakivikunja na kuvitia mikobani mwao.

Kila mwanamke anayesoma ukurasa huu anajua vikaratasi vile viliandikwa nini. Nimekwenda, nimerudi, na nimeona ukimya ule unavyomfuata mtu mpaka Madina. Ndiyo sababu nayasema mambo haya hapa.

Nilisafiri na mama mkubwa, dada yake mama yangu, mjane ambaye miaka nenda miaka rudi amekaanga vitumbua alfajiri na kila siku akatenga kidogo kwa ajili ya kikoba cha akinamama. Zamani safari yetu ingekuwa ngumu. Saudi Arabia ilikuwa ikimtaka mwanamke asafiri na maharimu, yaani mume au ndugu asiyeweza kumwoa, au awe amefikisha miaka 45 na yumo kwenye kundi. Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra wa nchi hiyo, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza akiwa Cairo kwamba sharti la maharimu limeondolewa. Nawajua waliopokea habari ile kwa shaka. Lakini katika fiqhi ya Kishafii, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu, tangu kale vitabu vinalitaja kundi la wanawake waaminifu kuwa linatosha kwa safari ya faradhi, na umra ya kwanza, kwa kauli yenye nguvu ya madhehebu hayo, ni faradhi. Bibi zetu waliobaki nyumbani kwa kukosa mtu wa kuwapeleka pengine hawakuambiwa hivyo.

Tulichomwa sindano ya kinga ya homa ya uti wa mgongo, tukapata visa, tukaanza kuagana. Mama mkubwa alizunguka mtaa mzima kuomba radhi. Aliyemdai alimlipa, na waliokuwa hawasemeshani naye alikwenda kuwabishia hodi yeye mwenyewe. Watu nao walituletea dua zao: huyu anataka mtoto, yule ana kesi ya shamba isiyokwisha, bibi mmoja anaomba afe kabla hajawa mzigo kwa wajukuu. Niliziandika zote kwenye daftari.

Tulianzia Madina. Siku hizi nafasi ya kuingia Rawdha, ile sehemu iliyo kati ya nyumba ya Mtume Muhammad (S.A.W.) na mimbari yake, huombwa kwa programu ya simu iitwayo Nusuk, na wanawake wana saa zao. Muda unaopewa ni mfupi. Mama mkubwa hasomi herufi zetu, ila za Kiarabu, kwa hiyo nilimnong'oneza majina ya daftarini naye akaomba jina baada ya jina, asiruke hata moja. Tuliondoka pale kabla hajajiombea yeye mwenyewe. Nilipomkumbusha alisema dua ya aliyetumwa ni amana.

Lakini kilichomshika zaidi Madina sikukitarajia. Baada ya karibu kila sala ya faradhi hutangazwa sala ya maiti. Waliofariki huletwa msikitini, na maelfu ya wageni wasiowajua husimama kuwasalia. Wanawake nao husimama. Kwetu jeneza hutoka mlangoni likiwa mabegani mwa wanaume, nasi hubaki ndani na kilio na masufuria. Mama mkubwa ameondokewa na mume na watoto wawili, na hakuwahi kusimama safuni kumsalia hata mmoja wao. Siku ya kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini mbona haturukuu. Nilimwambia ni takbira nne, zote kwa kusimama, nikamweleza kinachosomwa baada ya kila moja. Sala iliyofuata aliwahi safu. Tangu hapo hakukubali kutoka msikitini kabla ya tangazo lile, na tukirudi hotelini alinisimulia aliyemkumbuka safari hiyo: mume, mtoto wa kwanza, mtoto wa pili, shoga yake wa utotoni.

Ameswali maisha yake yote mwanamke huyu. Sala ya jeneza hakufundishwa kwa kuwa ilidhaniwa hataihitaji.

Katika kundi letu alikuwamo binti wa Pangani, hajatimiza mwaka tangu aolewe. Alikuwa akimeza vidonge vya kuchelewesha hedhi, alivyonunua duka la dawa bila kumwona daktari. Wengi hufanya hivyo. Vidonge hivyo husaidia, lakini si kila mwili huvipokea sawa. Wapo wanaotokwa na matone katikati ya siku walizotarajia kuwa safi, na aliyewahi kupata tatizo la damu kuganda anaweza kudhurika, ndiyo maana daktari hapaswi kurukwa. Yeye havikumzuilia. Hedhi ilimjia Madina, usiku wa kuamkia safari ya Makka.

Hakumwambia mtu. Alichokuwa amekisikia kwao ni kwamba mwenye hedhi haingii katika ihramu, basi akaamua apande basi vivyo hivyo bila nia, afike Makka, aone itakavyokuwa. Angefanya hivyo angeivuka mikati, mpaka wa kutilia nia, pasipo kuhirimia ilhali anakusudia umra, na hapo ingemlazimu ama arudi mikati ama achinje. Mama mkubwa, aliyekuwa naye chumba kimoja, alimsikia akilia bafuni karibu na alfajiri. Alimgongea, akamtoa, akaja kuniamsha, nami nikamwamsha ustadha wetu, mwalimu wa madrasa huko Muheza, ambaye kwenye semina alikuwa amekaa nyuma ya pazia pamoja nasi.

Ustadha alikaa kitandani kwa binti akamweleza. Mahali tutakapotia nia asubuhi hii, Dhul Hulayfa, panapojulikana sana leo kwa jina la Abyar Ali, ndipo alipojifungua Bi Asmaa binti Umays, mke wa Abubakari, katika msafara wa Hija ya kuaga, mwaka wa 10 wa Hijria. Mtoto aliyezaliwa ni Muhammad bin Abubakari. Damu ya uzazi ilikuwa ikimtoka. Alipeleka ujumbe kumuuliza Mtume afanyeje, akajibiwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie. Katika msafara huohuo, ulipofika Sarif, karibu na Makka, Bi Aisha, mke wa Mtume, alipata hedhi. Mtume alimkuta analia, akamwambia kuwa hilo ni jambo Mwenyezi Mungu alilowaandikia mabinti wa Adamu, afanye yote wanayofanya mahujaji isipokuwa asitufu mpaka atwaharike.

"Bi Asmaa aliuliza mwenyewe, ustadha?" binti akasema.

"Alituma, Mtume akaulizwa, mwanangu. Na jibu likaja wazi, ndiyo maana leo tunalo."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mwanamke aliyetoka kujifungua njiani, safari ndefu iko mbele yake, aliuliza habari ya mwili wake, na jibu alilopewa limehifadhiwa katika vitabu sahihi vya hadithi mpaka leo. Bi Aisha mwenyewe aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Sisi tumeichukua haya, ambayo ni pambo la imani, tukaifanya kufuli. Halafu binti wa watu analia bafuni, peke yake, mkesha wa siku aliyoiomba tangu akiwa mdogo.

Asubuhi alioga, akavaa baibui safi, akapanda basi na wenzake. Dhul Hulayfa ni kilomita chache tu kutoka Madina, na katika mikati zote ndiyo iliyo mbali zaidi na Makka. Tulitia nia. Basi zima liliitika labbaika, wanaume kwa sauti, sisi kwa sauti ya kujisikia wenyewe, naye midomo ikamtembea pamoja na yetu. Ipo treni ya mwendo kasi ya Haramain, iliyofunguliwa mwaka 2018, lakini basi ni nafuu kwa watu wa kipato chetu. Ni safari ya saa nyingi katikati ya vilima vyeusi vya mawe, na mtu ana nafasi ya kufikiri.

Unapoikaribia Makka kinachotangulia kuonekana ni mnara wa saa wa Abraj al-Bait, wenye mita 601. Kaaba huioni kwa mbali. Iko bondeni, imezungukwa na majengo, na unaifikia kwa kushuka. Nilikuwa nimeshika mkono wa mama mkubwa, macho chini kama tulivyoshauriana, na nilipoyainua ilikuwa mbele yangu. Sina maneno ya kuieleza saa ile na sitajaribu kuyatafuta. Mama mkubwa aliomba dua yake mwenyewe kwanza, safari hii.

Hapa kuna jambo ambalo semina zetu hulipita. Mshafii ameambiwa tangu madrasa kwamba ngozi ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu zikigusana udhu umetenguka. Tawafu inataka udhu. Uwanja wa kutufu una maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, mkono unakugusa ukiwa hujui umetokea wapi, na mwanamke aliye katika ihramu haruhusiwi kuvaa glavu. Vyoo viko nje, mbali, na kurudi ndani ni kazi. Niliwaona akinamama wa kwetu wakitufu huku wamejikunyata, viwiko vimebanwa ubavuni, hofu ya kuguswa imewajaa hata dua hawazisikii. Kumbe wanazuoni wengi wa Kishafii wamewaruhusu mahujaji kufuata katika suala hili kauli ya madhehebu mengine, ambayo kwao kuguswa kwa namna ile hakutengui. Sentensi moja ya ruhusa, ikitamkwa na sheikh nyumbani kabla ya safari, humfungulia mwanamke moyo kwa mizunguko yote saba. Ustadha alitutamkia hotelini kabla hatujatufu. Nilitufu nimetulia, marumaru baridi chini ya miguu, Kaaba kushotoni kwangu, na kila nilipofikia kona ya Jiwe Jeusi nilinyanyua mkono kuliashiria kwa mbali. Kulibusu sikujaribu. Ni sunna, na kuumiza watu ni haramu.

Tukaswali rakaa mbili, tukanywa zamzam, tukapanda Safa.

Kisa chenyewe watu wanakijua, ila naomba nikisimulie kwa kituo. Nabii Ibrahim alimwacha Bi Hajar na mtoto anyonyaye kwenye bonde lisilo na mmea wala mtu, akawaachia mfuko wa tende na kiriba cha maji. Alipogeuka kuondoka Bi Hajar alimfuata akimuuliza anawaachia nani. Hakujibiwa. Aliuliza tena na tena, mwisho akauliza kama hii ni amri ya Mwenyezi Mungu. Ibrahim akasema ndiyo. Bi Hajar akasema basi Yeye hatatutupa, akarudi kwa mwanawe. Maji yakaisha, maziwa yakakauka, mtoto akaanza kugaagaa kwa kiu, na mama hakuweza kumtazama. Akapanda Safa kuangaza kama kuna mtu. Akashuka, akalivuka bonde mbio, akapanda Marwa. Mara saba.

Leo kipande kile cha bonde kimewekewa taa za kijani, na wanaume huambiwa waende mbio hapo. Wanawake hutembea. Nimewasikia watu wakilishangaa hili, kwamba mbio zilikuwa za mwanamke na wanaokimbia ni wanaume. Mimi nilipofika kwenye taa zile nililiona kwa namna nyingine. Wanaume wa kila rangi, wazee na vijana, mabilionea na wachunga mbuzi, wanakimbia kwa amri ya sheria ili waonje wasiwasi wa mama. Akinamama wenyewe hawahitaji kukimbia, wasiwasi ule wanaujua. Mama mkubwa alitembea mwendo wake, mkono mmoja kiunoni, na kwenye taa alikuwa akitaja majina ya wanawe waliokufa.

Na kisa hakiishii kwenye maji kububujika. Zamzam ilipotoka Bi Hajar aliizingira kwa mikono yake isitawanyike. Watu wa kabila la Jurhum waliokuwa wakipita waliona ndege anazunguka angani, wakajua pana maji, wakaja kumwomba wakae naye. Aliwakubalia kwa sharti: mtakaa, lakini maji haya hamna haki ya kuyamiliki. Wakaridhia. Hivyo ndivyo mji wa Makka ulivyoanza, kwa ruhusa ya mwanamke peke yake, mwenye mtoto mchanga, aliyejua thamani ya kitu alichonacho na akaweka masharti. Sijawahi kusikia hotuba ya Ijumaa iliyotua juu ya sharti hilo, na ningependa mabinti zetu walisikie.

Maji ya mji ule yameendelea kuwa na historia ya wanawake. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita Zubayda, mke wa Khalifa Harun Rashid, alitoa mali yake ukajengwa mfereji wa kuleta maji Makka kwa ajili ya mahujaji. Ulihudumia vizazi kwa vizazi, na jina lake likabaki: Ayn Zubayda.

Tulimaliza Marwa miguu ikiwaka. Mwanaume hunyoa au hupunguza nywele. Mwanamke hukusanya ncha za nywele zake na kukata kiasi cha pingili ya kidole, nasi tulifanya hivyo chumbani, faraghani. Mama mkubwa alinikata, nami nikamkata. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Umra yetu ikawa imetimia.

Binti wa Pangani alibaki katika ihramu yake. Siku zilipita hotelini bila manukato, bila sabuni ya kunukia, bila kukata ukucha, akisoma dhikri na kuomba dua, kwa kuwa hayo hayakukatazwa. Kilichotupa hofu ni tarehe ya ndege. Laiti ratiba ingemkuta bado, ingebidi kutafuta fatwa ya dharura, na wanazuoni wametofautiana. Hili lingepunguzwa tangu Tanga kwa swali moja tu la mwandaaji wa safari kwa kila mwanamke: tarehe hizi zinakufaa? Wapo wanaoweza kusubiri kundi linalofuata. Wapo ambao siku zao zinawaelekeza waanzie Makka, si Madina. Na anayetaka vidonge apelekwe kwa daktari mapema, apimwe presha, aulizwe maradhi ya ukoo, avijaribu kabla ya safari.

Alitwaharika kabla ya ndege, alhamdulillah. Alioga, tukamsindikiza watatu, ustadha mbele, mimi nyuma, mama mkubwa amemshika mkono. Alitufu, akafanya saayi ya Safa na Marwa, hakuzungumza na mtu. Alipomaliza Marwa alimwinamia ustadha akambusu kipaji cha uso.

Siku iliyofuata ustadha alitupeleka Tan'im, kwenye msikiti unaojulikana kwa jina la Bi Aisha. Baada ya Hija ile ya kuaga, Bi Aisha alimwambia Mtume kwamba wenzake wanarudi na hija na umra, naye anarudi na hija peke yake. Mtume alimwagiza Abdurrahman, kaka yake Bi Aisha, ampeleke Tan'im akahirimie umra. Msafara mzima ulimsubiri. Mpaka leo watu wa Makka wakitaka umra huenda kutia nia pale, kwenye njia iliyofunguliwa kwa sababu mwanamke mmoja alisema kilichokuwa moyoni.

Tuliporudi Tanga nyumba ilijaa. Watu walikuja kwa zamzam na tende, wakatuombea, wakaombewa. Wanaume walipoondoka akinamama walibaki, mlango ukarudishwa, na maswali ya vikaratasi yakatoka moja baada ya jingine. Matone baada ya kuoga yana hukumu gani. Mwenye ukomo wa hedhi akiona damu ghafla. Hedhi ikija baada ya tawafu na kabla ya saayi, na hapo wengi walishangaa kusikia kwamba jamhuri ya wanazuoni inaruhusu asai vivyo hivyo, kwani saayi haikushurutishiwa twahara. Anayenyonyesha aende na mtoto au amwache. Ustadha alijibu mpaka magharibi.

Tulimwendea imamu wa msikiti wetu na maswali yale, yameandikwa, hayakukunjwa. Aliyasoma yote mbele yetu. Alisema wanawake hawajawahi kumletea, naye kwa kuona haya hakuwahi kuyaanza. Semina ijayo itakuwa na siku nzima ya wanawake, ndani ya ukumbi, bila pazia, ustadha akifundisha na muuguzi wa kituo cha afya akieleza habari ya vidonge. Mama mkubwa ameomba apewe muda afundishe sala ya jeneza.